Jack Leslie na mlango wa mtu mmoja

Mei 1922 Daraja la Tatu Kusini la England lilimalizika timu mbili zikiwa na pointi 61 kila moja, Southampton na Plymouth Argyle. Inayopanda ni moja tu. Wenye ligi wakashika penseli. Siku hizi tungechukua magoli ya kufunga tukatoa ya kufungwa, lakini enzi zile walikuwa wanagawanya. Southampton walifunga 68 na kufungwa 21, ukigawanya unapata 3.24. Plymouth walifunga 63 na kufungwa 24, unapata 2.63. Southampton wakapanda, Plymouth wakabaki chini. Na hata ungetoa badala ya kugawanya, Southampton bado wangeshinda, 47 kwa 39, kwa hiyo hapakuwa na wa kulalamikiwa.

Ndani ya kikosi cha Plymouth alikuwamo kijana mgeni, amesajiliwa mwaka uliotangulia kutoka klabu ya ridhaa ya Barking Town huko mashariki mwa London. Jina lake Jack Leslie. Alikuwa hajui kwamba ile ilikuwa mara ya kwanza tu. Msimu uliofuata Plymouth walimaliza wa pili. Uliofuata tena, wa pili. Mwaka 1925 Swansea wakawazidi kwa pointi moja. Mwaka 1926 Plymouth walifunga magoli 107 katika mechi 42 za ligi, lakini Reading, ambao hawakufika hata 80, wakawazidi kwa pointi moja. Mwaka 1927 Bristol City wakawazidi kwa pointi mbili. Misimu sita mfululizo, nafasi ya pili mara sita. Soka la England halijaona timu nyingine iliyogonga mlango uleule kwa namna ile.

Nimeanza na hesabu hizi kwa makusudi. Kila anayeandika habari za Leslie huanza na Oktoba 1925, mwezi alioitwa timu ya taifa ya England kisha jina lake likaondolewa, na kuishia hapohapo, kana kwamba mtu huyu alizaliwa wiki ile na kufa wiki ile. Oktoba 1925 nitaifikia, na nitakaa nayo. Lakini ili mtu aone kilichofanyika mwezi ule, lazima kwanza aone jinsi Leslie alivyozoea kushindwa: waziwazi, kwenye jedwali la ligi linalosomwa na kila mtu, pointi moja pungufu, nawe unajua ni mechi ipi uliyoidondosha. Kushindwa kwa namna hiyo kunauma, lakini unaweza kulala.

Alizaliwa mwaka 1901 Canning Town, jirani na bandari za London, mtaa wa makuli, mafundi wa meli na mabaharia wa kila bahari. Baba yake alikuwa Mjamaika, mama yake Mwingereza mshona nguo. Mtoto akalelewa katika lafudhi ya mashariki mwa London na katika mpira wa mitaani. Akiwa na Barking Town alichukua Kombe la Essex la mwaka 1920 na ubingwa wa Ligi ya London mwaka uliofuata. Hapo ndipo Bob Jack, meneja wa Plymouth, alipomwona.

Huyu Bob Jack anastahili aya yake. Aliiongoza Plymouth kuanzia 1910 hadi 1938, miaka ambayo mameneja wa leo hawaiwezi hata wakijumlishwa kumi. Mwanawe David alianzia soka hapohapo Plymouth, mshambuliaji wa ndani, akauzwa Bolton Wanderers Desemba 1920. Mwaka 1923 David Jack ndiye aliyefunga goli la kwanza katika fainali ya kwanza ya Kombe la FA uwanjani Wembley, na mwaka 1928 Arsenal walimnunua kwa zaidi ya pauni 10,000, kiasi ambacho hakuna mchezaji aliyewahi kununuliwa nacho kabla yake. Timu ya taifa aliichezea. Kwa hiyo Bob Jack aliujua ubora wa timu ya taifa unavyofanana. Alikuwa ameulea nyumbani kwake, ukila mezani pake. Aliposema Leslie ana kiwango hicho, hakuwa mtu wa kubahatisha.

Leslie alicheza ndani kushoto. Sisi vijiweni tungesema namba 10 na kila mtu angeelewa, ingawa jezi za ligi zenyewe hazikuwa na namba migongoni mpaka mwaka 1939. Washambuliaji walikuwa watano: mawinga wawili pembeni, wawili wa ndani, na mmoja katikati. Kazi ya wa ndani ilikuwa kuupokea mpira kutoka kwa viungo, kuutuliza, kisha kumtafuta winga au kupenya mwenyewe. Kushoto kwake Leslie alikuwapo Sammy Black, Mskoti mfupi aliyefika Plymouth mwaka 1924. Black ndiye mfungaji bora wa Plymouth wa nyakati zote, na rekodi hiyo haijavunjwa hadi leo. Winga anayeongoza kwa magoli katika historia nzima ya klabu! Jiulize nani aliyekuwa akimpa mipira. Black akipiga, Leslie akipika, na siku nyingine wakibadilishana. Leslie mwenyewe alimaliza na magoli 137 katika mechi 401 akiwa na jezi ya kijani ya Plymouth, na kwa muda alikuwa nahodha wake. Mchezaji mweusi kuwa nahodha wa timu ya ligi ya England katika miaka ile, jambo hilo peke yake lingetosha kuwa makala nyingine.

Daraja la Tatu lenyewe halikuwa lelemama. Liliundwa mwaka 1920 kwa timu za kusini, na mwaka uliofuata likagawanywa Kusini na Kaskazini ili kupunguza nauli za treni. Kila upande unapandisha bingwa peke yake. Wa pili hana mechi ya mchujo, hana faraja yoyote. Anaanza upya Agosti pamoja na wa kumi na tisa. Wawili wa mkiani wanapiga magoti mbele ya klabu nyingine wakiomba kura ya kubaki. Aberdare walinyimwa kura hizo mwaka 1927, Merthyr mwaka 1930, wakatoka kwenye ligi moja kwa moja. Palikuwa pia na klabu iitwayo Thames, karibu kabisa na mitaa alikozaliwa Leslie, iliyoingia ligi hiyo ikitumia uwanja uliojengwa kuingiza watu zaidi ya laki moja. Desemba 6, 1930 walicheza na Luton mbele ya watazamaji 469. Ukikaa upande huu wa jukwaa unaweza kusikia mchezaji wa upande wa pili akikohoa. Baada ya misimu miwili Thames ikafa.

Malipo? Kuanzia 1922 mchezaji yeyote England, awe wa Arsenal au wa Gillingham, hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 8 kwa wiki wakati wa msimu na pauni 6 kiangazi, na wengi wa Daraja la Tatu hawakufika hapo. Mkataba wa mwaka ukiisha, klabu inaweza kumshikilia mchezaji kwenye orodha yake: hachezi kwingine bila ridhaa yao, hata kama hawamlipi. Ndiyo maana inabidi tuwe waangalifu tunapomsifia mchezaji wa wakati ule kwa uaminifu wa kukaa klabu moja miaka kumi na zaidi. Wengine walipenda. Wengine mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Leslie alipendwa Plymouth, hilo halina ubishi, lakini sitasema alikaa kwa mapenzi tu, kwa sababu mfumo haukumuuliza mtu anapenda nini.

Sasa Oktoba 1925.

Msimu ule sheria ya kuotea ilikuwa imebadilishwa. Zamani mshambuliaji alihitaji wapinzani watatu kati yake na goli. Sasa wakatosha wawili. Mabeki waliozoea kupanda na kutega wakajikuta wamebaki nyuma wakishangaa, na magoli yakamiminika nchi nzima. Kwa washambuliaji wa ndani wenye akili ilikuwa sikukuu. Leslie alikuwa na miaka 24, Plymouth wanafunga wanavyotaka, na mwaka huohuo alikuwa amemwoa Lavinia, binti wa Kiingereza, ndoa ambayo kwa mtu wa rangi yake London ile ilihitaji moyo.

England walikuwa wacheze na Ireland mjini Belfast tarehe 24 Oktoba. Mapema mwezi ule Bob Jack akamwita Leslie ofisini kwake akampa habari: umechaguliwa timu ya taifa. Miaka mingi baadaye Leslie alisimulia jinsi mji mzima ulivyolichukua jambo lile. Hakuna aliyezungumza kingine. Klabu ndogo ya kusini magharibi kabisa mwa nchi, mji wa wanamaji ulio mbali na kila kitu, imetoa mchezaji wa England! Jina lake likachapwa magazetini.

Halafu kimya. Hakuna aliyemfukuza, maana hakuwa ameanza. Hakuna barua ya kueleza. Mazungumzo yalikatika tu, watu wakaanza kuangalia pembeni, na orodha iliyofuata ikatoka bila jina lake. Nafasi ya ndani kushoto akacheza Billy Walker wa Aston Villa. Leslie alipomuuliza meneja wake, hakupata jibu la maana. Bob Jack mwenyewe hakuwa na la kusema. Baadaye Leslie alisikia kwa kuzungukazunguka kwamba watu wa Chama cha Soka walikuja kumtazama tena, na walichokuja kutazama hakikuwa miguu yake. Walikuja kutazama uso. Alipohojiwa mwaka 1978, alisema kwa ile lugha yake ya mzaha wa mashariki mwa London kwamba lazima walikuwa wamesahau kuwa yeye ni mweusi.

Sentensi hiyo imenukuliwa sana, na wengi huisoma kama unyenyekevu. Mimi naisoma kama mashitaka. Anasema: waliniona nacheza, wakanipenda, wakaandika jina langu, wakati huo wote mpira wangu ukiwatosha. Kilichobadilika kati ya orodha ya kwanza na ya pili hakikuwa mpira wangu.

Na tarehe 24 yenyewe ilipofika? Kule Belfast England walitoka sare ya bila kufungana. Plymouth walicheza na Bournemouth wakawachapa 7-2, Leslie akafunga mawili. Sijui kama kuna jibu ambalo mchezaji angeweza kulitoa vizuri zaidi ya hilo, lakini kwa bahati mbaya kamati ya kuchagua timu ya taifa haikuwa Home Park, uwanja wa Plymouth, kulisikia.

Kuna hoja mbili ambazo huletwa kila hadithi hii inaposimuliwa, na zote mbili zinastahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza: huyu alikuwa mchezaji wa Daraja la Tatu, na timu ya taifa si mahali pa majaribio. Sawa. Basi tuitazame hiyo timu ya taifa. Februari 1925, miezi minane tu kabla, England walimchezesha dhidi ya Wales mshambuliaji Tommy Cook wa Brighton. Brighton walikuwa Daraja la Tatu Kusini, wapinzani wa kila siku wa Plymouth. Na Wales nao hawakuona tabu kumwita mara kwa mara beki Moses Russell, ambaye alikuwa akivaa jezi ileile ya kijani na Leslie. Turudi Belfast. Nahodha wa England siku ile alikuwa Claude Ashton wa Corinthian, mchezaji wa ridhaa kutoka klabu ambayo haikuwa kwenye ligi yoyote. Hakuwahi kuichezea England kabla wala baada. Beki mmoja alikuwa Frank Hudspeth wa Newcastle, miaka 35, mechi yake ya kwanza na ya mwisho. Kamati iliyokuwa tayari kumpa unahodha mtu asiye na ligi, na kumpa mechi mtu anayekaribia kutundika viatu, isituambie kwamba ilikuwa inaogopa majaribio.

Hoja ya pili: wapo wanaosema aliitwa kama mchezaji wa akiba tu, na zama hizo hapakuwa na kubadilisha wachezaji, kwa hiyo labda asingegusa mpira. Inawezekana kabisa. Mimi hainisumbui. Mtu wa akiba hupanda treni ileile, huvuka bahari ileile, hulala hoteli ileile na wenzake. Kumwondoa hata kwenye kiti hicho kunaonyesha walikuwa hawataki aonekane wapi. Ukimnyima mtu nafasi ya kucheza unaweza kusingizia kiwango. Ukimnyima nafasi ya kusafiri umeshasema sababu yako.

Ninachotaka msomaji akitazame hapa ni kamati yenyewe. England haikuwa na meneja wa timu ya taifa mpaka baada ya vita, mwaka 1946. Kabla ya hapo timu ilichaguliwa na kamati ya waheshimiwa wa Chama cha Soka, wengi wao viongozi wa klabu, wanaokaa mezani na kupigiana kura. Ubaya wa kamati ya namna hiyo ni kwamba haina uso. Meneja akikuacha, unaweza kumfuata mlangoni ukamuuliza, na magazeti yanaweza kumsulubu Jumapili. Kamati ikikuacha, utamuuliza nani? Kila mjumbe atakwambia yeye alikuunga mkono. Sisi mashabiki wa mpira wa huku tuna neno letu la mambo ya mezani, figisu, na neno hilo lina hekima yake: halimtaji mtenda. Figisu hufanyika tu, hakuna aliyeifanya.

Ndiyo tofauti niliyokuwa naitafuta tangu mwanzo. Kwenye ligi Leslie alishindwa mara sita, na kila mara angeweza kukwambia kwa nini: Swansea 57, sisi 56. Kwenye timu ya taifa alishindwa mara moja na hakuwahi kuonyeshwa hesabu. Mlango wa ligi ulikuwa mwembamba, wa mtu mmoja tu, lakini ulikuwa wazi, na aliyepita ulimwona akipita.

Tena ulipita wakati, nao Plymouth wakapita. Msimu wa 1929/30 walichukua ubingwa kwa pointi 68. Waliokuwa wa pili safari hii ni Brentford, walioshinda mechi zao zote 21 za nyumbani. Zote! Na bado hazikutosha. Mtu wa Plymouth aliyeyala machungu ya miaka ya ishirini angeweza kuwahurumia Brentford, ila nadhani alikuwa na shughuli nyingine jioni ile.

Daraja la Pili liliwapokea kwa viboko. Everton, walioshuka Daraja la Kwanza mwaka huohuo wakiwa na Dixie Dean, waliwapiga 9-1 Desemba 1930. Dean alifunga manne na mwenzake Jimmy Stein manne. Lakini Plymouth walibaki, wakaimarika. Januari 1932 waliitoa Manchester United katika Kombe la FA kwa 4-1, kisha wakaenda kwa Arsenal, alikokuwa David Jack, mtoto wa meneja wao, wakafungwa 4-2 mbele ya watu zaidi ya 65,000. Linganisha na wale 469 wa Thames.

Katika miaka hiyohiyo, Desemba 1931, Wales walicheza na Ireland mjini Belfast, na winga wao alikuwa Eddie Parris wa Bradford Park Avenue, mchezaji mweusi, wa kwanza kuichezea Wales. Mji uleule, Belfast. Wapinzani walewale. Anga halikuanguka. Miaka 6 tu ilikuwa imepita tangu England waone jambo hilo haliwezekani, na ingewachukua miaka mingine 47 kuliona linawezekana.

Kilichommaliza Leslie kilikuwa kitu kidogo sana. Mipira ya zamani ilishonwa kwa ngozi, na ndani mlikuwa na kibofu cha mpira kilichojazwa upepo. Ngozi iliachwa uwazi wa kuingizia kibofu, kisha uwazi ukafungwa kwa kamba ya ngozi, kama unavyofunga kiatu. Mvua ikinyesha ngozi inakunywa maji, mpira unakuwa mzito kama gunia, na ile kamba iliyovimba inatokeza. Wachezaji wa zamani walijitahidi kuupiga kichwa upande usio na kamba. Siku moja kamba ilimpata Leslie jichoni. Uwezo wake wa kuona uliharibika, na katikati ya miaka ya thelathini akaachana na soka la ligi akiwa ameiachia Plymouth zile mechi 401.

Hapakuwa na pensheni ya kueleweka wala kazi ya uchambuzi kwenye redio. Alirudi mashariki mwa London, akafanya kazi ya fundi boila, ufundi wa watu wa bandarini. Maisha yakaenda. Alipopita miaka 60, katikati ya miaka ya sitini, alikwenda kuomba kazi West Ham United, klabu ya mtaani kwao. Meneja pale alikuwa Ron Greenwood. Akapewa chumba cha viatu.

Kazi ya chumba cha viatu ni hii. Wachezaji wanatoka mazoezini, wanavua, wanakwenda kuoga. Viatu vinabaki vimejaa tope. Unagonga pea moja dhidi ya nyingine tope la juu lidondoke, unachokoa lililobaki katikati ya njumu kwa kisu butu au kijiti, unapiga brashi, unafuta, unapaka dawa ngozi isikauke ikapasuka, unapanga kila pea mahali pake. Kesho tena. Leslie alisafisha viatu vya Bobby Moore, nahodha aliyenyanyua Kombe la Dunia mwaka 1966, na vya Geoff Hurst aliyefunga matatu katika fainali ile. Alisafisha pia vya Clyde Best, straika mweusi kutoka Bermuda aliyekuwa akitukanwa na majukwaa ya nusu ya Uingereza kila Jumamosi. Picha hii watu huipenda: mzee aliyenyimwa England akisafisha viatu vya nahodha wa England. Inaliza kwa urahisi. Mimi ninaiogopa kidogo, kwa sababu inamfanya Leslie awe mnyonge, na sioni popote katika maisha yake aliposhika unyonge. Alikuwa na kazi, alikuwa katika mpira, alikuwa mtaani kwao, na aliifanya mpaka akapita miaka 80. Alifariki Novemba 1988.

Oktoba 2022 sanamu yake ilizinduliwa nje ya uwanja wa Home Park, kwa michango ya mashabiki. Machi 2023, kabla ya mechi ya England na Ukraine pale Wembley, familia yake ilikabidhiwa kofia ya heshima. Waingereza huhesabu mechi za timu ya taifa kwa kofia, na ni kofia kweli, ya mahameli, yenye kishada. Chama cha Soka kilikiri kwamba alinyimwa kwa ubaguzi. Nilifurahi kama wengine. Lakini sanamu naipenda kuliko kofia. Kofia inaongelea wiki mbili za Oktoba 1925, inaongelea walichokosea wao. Sanamu imesimama pale alipochezea, mahali ambapo watu walimtazama Jumamosi baada ya Jumamosi, wakamwona akimpenyezea Sammy Black, wakahesabu pointi pamoja naye, wakakosa pamoja naye mara sita, wakapanda pamoja naye.

Kuna tarehe moja ambayo huwa nairudia. Jumatano ya Novemba 29, 1978, England walicheza na Czechoslovakia Wembley, na beki wa kulia alikuwa Viv Anderson wa Nottingham Forest, mchezaji mweusi wa kwanza katika timu ya wakubwa ya England. Aliyemteua alikuwa meneja mmoja, mwenye jina na uso, angeulizwa na angejibu. Alikuwa Ron Greenwood, yuleyule wa West Ham. Leslie siku hizo bado alikuwa na kazi yake kwenye chumba cha viatu. West Ham walikuwa wameshuka miezi michache nyuma, kwa hiyo tope alilokuwa akilichokoa mzee msimu ule lilikuwa tope la Daraja la Pili, daraja ambalo ujana wake wote, misimu tisa, alikuwa ameutumia kulifikia.